Maji yanatuama kwenye zege la uani mpaka yanaingia jikoni, nifanyeje? (Mtwara) – MREJESHO UPO NDANI

Chuno Kwetu (mwanzisha uzi)

Wakuu habarini za jumapili. Naomba msaada wenu hasa mafundi na nyie mnaokaa huku kusini maana mvua zetu mnazijua, zikianza mwishoni mwa Novemba ndo hivyo mpaka Aprili, huku hatuna vuli na masika za kutupa nafasi ya kupumua katikati.

Nina ua wa nyuma umemwagwa zege, mita 6 kwa urefu wa nyumba na mita 4 na nusu kutoka ukutani kwenda nje. Nilimwaga miaka minne iliyopita kwa ajili ya bi mkubwa, maana pale ndo anapikia, anafua, anakaa na wenzake jioni, na msimu wa korosho ndo anaanikia zile za kashamba kake kabla hazijapelekwa chama cha msingi. Sasa tatizo maji hayaondoki. Ikinyesha nusu saa tu linatokea bwawa lote upande wa ukuta wa jikoni, vidole vinne hivi, likizidi linapita chini ya mlango. Ukuta kwa ndani rangi imevimba inabanduka na kuna ile chumvi nyeupe inatoka. Jumatano mvua ya kwanza imekuja usiku, magunia mawili ya korosho yaliyokua yameegeshwa ukutani yamelowa chini, na mnajua korosho ikilowa inashuka daraja hata uikaushe vipi. Alafu asubuhi yake bi mkubwa kateleza pale mlangoni. Hajavunjika tunashukuru Mungu lakini mkono umevimba, na mimi ndo kimeniuma kuliko vyote kwa sababu pale nilimjengea mimi.

Mwaka jana fundi mmoja alinambia pale panapotuama tupige niru (lile tabaka jembamba la simenti) tujaze shimo. Tukapiga, kama sentimita moja hivi. Haikumaliza msimu, ikapasuka pasuka ikabanduka kama ganda la muhogo uliokauka. Sasa kaja mwingine anasema tuvunje ua wote tumwage upya. Kabla sijatoa hela naomba mawazo.

Mwana wa Mtanda

Pole sana kaka na mpe pole bi mkubwa. Mimi niko Lindi na hilo limenikuta. Swali langu ni moja, maji yale yanatoka wapi? Usijibu haraka. Mimi nilikua najua kabisa kwamba ni mteremko wa zege mbovu, nikaita mafundi wawili, wote wakaangalia chini, hakuna aliyeangalia juu. Kumbe bati langu lote la upande wa nyuma lilikua linamwaga pale uani bila gata.

Piga hesabu uone. Mvua ya milimita 1 kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Kama bati lako la nyuma ni mita 8 kwa 5, hizo ni mita 40 za mraba, ikinyesha milimita 30 ni lita 1200, yani mapipa 6 yanamwagwa mstari mmoja hapo hapo chini ya ukuta. Na ua wako wenyewe mita 27 unapokea lita 800 na kidogo. Kwaiyo maji mengi zaidi yanatoka juu ya bati kuliko yanayonyesha uani moja kwa moja. Usivunje kitu kabla hujafunga gata.

Mimi nilichelewa kwa sababu gata nilizoagiza Dar zilikwama, ilikua Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Somanga, tukakaa tunatazama maji tu. Nilipofunga, nusu ya tatizo iliisha siku hiyo hiyo.

Fundi Mstaafu

Nimefanya kazi ya zege zaidi ya miaka ishirini, Mtwara, Masasi, Newala mpaka Nachingwea. Huyo wa Mtanda kasema sawa na mimi naongezea.

Kijana, kabla ya fundi yoyote fanya vitu viwili mwenyewe. Cha kwanza, mvua ikinyesha vaa koti toka nje ukae pale uani dakika kumi na tano uangalie. Sio ikisha nyesha, wakati inanyesha. Maji yanaanzia wapi, yanakimbilia wapi, yanagota wapi. Mvua ikikata chukua chaki au mkaa chora ukingo wa bwawa, hiyo ndo ramani yako. Cha pili chukua mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaona maji ndani, mtu mmoja ashike ukutani mwingine aende ukingo wa nje, upime kila baada ya mita moja. Andika. Lete namba hapa.

Hilo la niru sentimita moja lisingekaa hata lingepigwa na malaika. Zege la zamani lina vumbi na mafuta ya jikoni, limeshakauka, linanyonya maji ya ile niru kabla haijashika, alafu jua letu la saa saba linamalizia. Tabaka la juu ya zege la zamani likiwa chini ya sentimita 4 na hujalichokoa la chini likawa na makwaruzo na ukalilowesha na kulipaka uji wa simenti, litabanduka tu. Nimeona nyumba nyingi watu wanarudia kosa hilo kila mwaka na kila mwaka wanalipa.

Dada wa Mikindani

Naomba niseme la kwetu maana sio kila ua ni sawa na wa Chuno. Sisi huku Mikindani nyumba nyingi ziko chini ya kilima, mvua ikinyesha maji yanashuka na udongo mwekundu kutoka juu kule upande wa Boma la zamani yanakuja kwenye nyumba. Ua wetu ulikua na mteremko mzuri tu lakini maji yalikua yanakuja kutoka nyuma ya ua, sio ya kwetu. Mume wangu alichimba mtaro juu kabisa kabla ya kufika kwenye zege, unakatisha upana wote wa kiwanja, futi moja na nusu kwenda chini, akapanga mawe pembeni, unayapokea maji na kuyazungusha pembeni ya nyumba mpaka kwenye mtaro wa barabara. Zege hatukuligusa. Kwaiyo kaka angalia na nyuma ya ua, usiangalie bati peke yake.

Ligula B

Hapo kwenye kuyazungusha ndo pana kesi. Jirani yangu alitoboa ukuta akaelekeza bomba la uani kwake kwenye kichochoro chetu, maji yakawa yanakuja kwenye msingi wangu. Tumefika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Tumeyamaliza kwa amani sasa hivi tunasalimiana lakini ilichukua miezi mitano hatuongei, watoto wetu wanasoma darasa moja. Mkuu chochote utakachofanya jua kwanza maji yanaishia wapi, na kama yanaishia kwa mtu kaongee nae kabla hujashika sululu.

Chuno Kwetu

Asanteni sana. Jana mchana imenyesha nikatoka kama fundi alivyosema. Kweli bati halina gata nyuma, niliweka mbele tu panapoonekana, nakiri. Nyuma ya ua ni tambarare, kuna mwembe na kichanga, hakuna maji yanayokuja kutoka huko.

Namba za mpira wa levo: ukingo wa nje uko JUU kuliko ukutani kwa sentimita 3. Yani zege linateremkia kwenye nyumba! Na pale mlangoni ndo chini kabisa. Nimekumbuka wakati wa kumwaga, kifusi cha karibu na msingi kilijazwa siku hiyo hiyo na kikakanyagwa kwa miguu tu. Kizingiti cha mlango kutoka juu ya zege ni sentimita 8.

Swali, nikichokoa zege lote vizuri nikaweka tabaka nene la kuteremkia nje si itakua imeisha?

Fundi Mstaafu

Namba zako zinajibu zenyewe. Ua wa nje unatakiwa uteremke kutoka kwenye nyumba angalau sentimita 1 kwa kila mita, ikiwezekana 2. Tuchukue hiyo 1. Ukingo wa nje uweke sentimita 4 maana chini ya hapo halishiki. Kwenda ukutani mita 4 na nusu uongeze 4 na nusu. Ongeza na zile 3 ambazo zege limeinamia ndani. Jumla ukutani ni sentimita 11 na nusu. Kizingiti chako ni 8. Umefukia mlango, maji yataingia ndani kwa heshima zote. Na bado utakua umezika ukuta juu ya mstari wa kuzuia unyevu, ndo hiyo chumvi unayoiona itapanda mpaka dirishani.

Kwaiyo kwako dawa ni mfereji. Maji yameshaamua kwenda ukutani, basi yapokee pale pale kabla hayajafika ukutani, uyatoe pembeni. Kata ukanda wa sentimita 45 kutoka ukutani kwa urefu wote wa mita 6. Sentimita 30 za kwanza unamwaga upya zikiwa zinateremka kutoka ukutani kwenda kwenye mfereji, na zile 15 ndo mfereji wenyewe. Mfereji uanze na kina cha sentimita 10 uishie na 16, hapo umepata sentimita 1 kila mita. Mwisho wake weka chemba ndogo ya kunasa mchanga na majani, kutoka hapo bomba la inchi 4 mpaka kwenye shimo la kunyonya, yani shimo la mawe maji yanapozama ardhini. Zege lililobaki liache kama lilivyo, ule mteremko mbovu sasa unakufanyia kazi.

Kijana wa Mangamba

Samahani wakuu, kwanini asitoboe matundu tu kwenye zege na mtaimbo pale panapotuama maji yazame chini? Huku chini si mchanga.

Fundi Mstaafu

Swali zuri mjukuu wangu na wengi wanafanya. Mbali na nyumba na kama chini ni mchanga mtupu, sawa linaweza kufanya kazi miaka miwili mitatu mpaka litakapozibwa na tope. Lakini yeye maji yanatuama ukutani. Ukiyazamisha pale yanaenda chini ya msingi, yanabeba kile kifusi ambacho hakikushindiliwa, zege linabaki linaelea juu ya utupu, siku moja unaona ufa umeanza sakafuni na mwingine ukutani. Kamwe usizamishe maji karibu na nyumba. Shimo la kunyonya liwe mita 5 kutoka ukutani, na liwe mbali na shimo la choo na kisima.

Na kabla hujachimba kubwa chimba kadogo, futi moja kwa futi moja, chini kabisa pale unapotaka shimo liishie. Jaza maji yaishe, jaza tena, angalia saa. Kama mpaka kesho yake bado yapo, hapo hapanyonyi. Na kama unachimba katika msimu huu ukakuta maji yanachuruzika yenyewe kutoka chini, funika, tafuta njia nyingine, kwa wale wa karibu na bahari hilo mtalikuta sana.

Chuno Kwetu

MREJESHO WA KWANZA. Samahani kwa kimya, tulikua kazini.

Tulianza na gata. Mita 8 upande wa nyuma, zinaingia kwenye tangi la lita 1000 nililoliweka juu ya kitako cha bloku, na bomba la kumwagia yanayozidi nimeliunganisha kwenye ile chemba ili yasirudi uani. Hilo peke yake lilituonyesha tofauti kabla hata ya kukata zege, mvua ya wiki iliyofuata bwawa lilikua dogo na halikufika mlangoni. Mwana wa Mtanda Mungu akubariki.

Jaribio la shimo chini ya mwembe, maji yaliisha kwa dakika arobaini na kitu, mara ya pili karibu saa nzima. Tukachimba mita 1.2 kwa 1.2 kwenda chini 1.5, mita 7 kutoka ukutani, tukajaza mawe makubwa chini na madogo juu, tukafunika na viroba alafu udongo. Fundi aliyenisaidia alisema kwenye mawe nafasi inayobaki ya maji ni kama theluthi, kwaiyo lile shimo linashika lita 700 kwa mara moja huku likiendelea kunyonya. Mizizi ya mwembe ilitutesa, ingekua vyema tungesogea upande mwingine kidogo.

Kukata ndo kazi. Tumetumia grenda yenye diski ya kukatia zege kwenye mistari miwili, alafu nyundo na patasi. Tafadhali mtu asikate bila barakoa na miwani, lile vumbi linakaa kifuani. Na kitu ambacho hakuna aliyenikumbusha, bomba la maji ya kunywa la kwenda bafuni lilikua limepita hapo hapo chini ya zege, kina cha kiganja tu. Tumelikuta kwa bahati kwa sababu kijana alikua anachokoa taratibu. Tukafunga maji kwenye mita, tukalisogeza. Nyie kabla ya kukata kumbukeni mabomba na waya vilipita wapi.

Zege tulichanganya moja, mbili, nne, yani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Simenti ya 42.5, mifuko mitano ya kilo 50 ilitosha mfereji, ukanda, chemba na vifuniko, na simenti huku kwetu sio ya kutafuta, kiwanda tunacho. Mchanga nilikataa ule wa ufukweni ingawa kuna mtu alikua anauza rahisi, chumvi yake inakula nondo. Ndani ya mfereji plasta iliyosuguliwa laini ili mchanga usikwame. Kona ya ukuta na sakafu hatukuiacha kali, tumeizungusha na chupa. Tukafunika na magunia mabichi siku 7, bi mkubwa mwenyewe ndo alikua anayamwagia maji asubuhi na jioni kwa mkono mmoja maana ule mwingine bado alikua anaulea.

Shangani Magharibi

Hongera mkuu. Vifuniko umeweka vya nini? Mimi nilichomelea wavu wa nondo, huku kwetu upepo wa bahari, mwaka wa pili tu umekua kutu tupu unamwagika.

Chuno Kwetu

Vya zege. Tulitengeneza kumi, kila kimoja sentimita 60 kwa 20, unene 5, ndani fito mbili nyembamba za nondo zimefichwa katikati zisiguse nje. Matundu tumeyaweka kwa vipande vya bomba la nusu inchi wakati wa kumwaga. Kimoja kama kilo 14, mtu mmoja ananyanyua. Nimeacha mashimo mawili ya kuingiza vidole kila kimoja ili kusafisha kusiwe adhabu, maana kitu kigumu kufungua hakitafunguliwa na yoyote.

Dada wa Mikindani

Na mbu je? Mfereji wa kufunikwa nao unaficha maji.

Fundi Mstaafu

Mama umeuliza la maana. Mfereji wenye mteremko sahihi unakauka siku hiyo hiyo. Mbu kutoka yai mpaka kuruka anahitaji kama wiki moja au siku kumi kwenye joto letu, kwaiyo ukiwa mkavu hana pa kuzalia. Angalieni chemba, ile ya kunasa mchanga lazima inabakisha maji chini. Toboa tundu dogo kwenye kitako chake juu ya kokoto, au uimwage kila jumamosi. Na mdomo wa tangi fungeni wavu wa dirisha.

Chuno Kwetu

MREJESHO WA PILI. Kabla ya mvua nilimwaga ndoo kumi za lita 20 mfululizo kule ukingo wa nje na watoto wakanisaidia. Yote yakaingia kwenye mfereji isipokua sehemu moja, kuna bonde dogo la upana wa sinia katikati ya zege la zamani maji yanabaki kama nusu sentimita. Nimeliacha. Linakauka na jua ndani ya saa moja na nimejifunza kwamba kulijaza na niru ni kutafuta yale yale.

Juzi usiku ikanyesha ile yenyewe, ya radi, karibu masaa matatu bila kukata. Nilitoka na tochi mara mbili. Mara ya kwanza safi, maji yanasikika yanakimbia chini ya vifuniko. Mara ya pili nikakuta yameanza kujaa upande wa chemba, moyo ukanilipuka. Kufungua, majani ya mwembe yameziba mdomo wa bomba. Nikayatoa kwa mkono yakaondoka kwa mkupuo. Jana nimeweka kikapu cha wavu wa plastiki kwenye chemba kabla ya bomba, na nimekata lile tawi linaloinamia gata.

Jikoni hakujaingia hata tone. Ukuta bado una unyevu na sijaupaka rangi, fundi kaniambia nisubiri msimu uishe ukauke wenyewe, nikipaka sasa itabanduka tena. Jirani wa kule bondeni nilienda kumwonyesha shimo la kunyonya kabla ya kufukia, kauliza kama na yeye anaweza kuchimba la kwake kufata vipimo hivyo. Nimempa mpira wa levo.

Mwana wa Mtanda

Nimefurahi kuliko ungejua. Bi mkubwa anaendeleaje na mkono?

Chuno Kwetu

Umepona kaka, asante. Saa hizi yuko uani anapepeta mchele na kiti kakiweka pale pale ukutani, juu ya kifuniko cha tatu. Korosho zilizobaki zimeuzwa wiki iliyopita zote kavu. Gata nalisafisha jumamosi na chemba pia, nimemwachia mdogo wangu zamu ya wiki ambazo nakua safari.

Kijana wa Mangamba

Naomba vipimo vya chemba, mimi naanza jumatatu.

Chuno Kwetu

Sentimita 40 kwa 40 kwa ndani, mkono na kikapu vinaingia bila shida. Kitako kiwe sentimita 15 chini ya mdomo wa bomba linalotoka, mchanga unatua hapo. Na usimwage siku ya mawingu mazito, sisi nusu ya ukanda tuliurudia kwa sababu hiyo.